Mapambo ya Krismasi pamoja na mtoto mdogo: ukindu au maganda ya mgomba?

Kwa gharama, maganda makavu ya mgomba hayana mpinzani, kwani hubanduliwa bure shambani, ilhali mkazi wa mjini hulazimika kununua ukindu kwa mafungu. Mtoto wa miaka 4 huweza kuyakunja maganda yaliyonyunyiziwa maji na kuyafunga yawe nyota au malaika (mwenye shingo nene, lakini malaika). Ukindu humhitaji mtu mzima wa kuanzisha msuko, na wa kuuchemsha pamoja na rangi mtoto akiwa mbali na jiko. Hata hivyo, pambo la ukindu lililokaushwa vizuri huweza kutundikwa miaka kadhaa, wakati maganda hukatika yakikauka mno na huota ukungu penye unyevunyevu, hasa pwani. Mwenye jioni moja na mtoto asiyetulia achague mgomba; anayetaka pambo la kuhifadhi, naye ana subira, achague ukindu.