Mayai mawili, kiini kisipasuke: uzoefu wangu wa asubuhi tano katika mgahawa mmoja wa Posta

Tangu ofisi yetu ilipohamia katikati ya jiji la Dar es Salaam, nimelazimika kupanda basi la mwendokasi pale Kimara kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu anayechelewa kidogo tu husimama njia nzima hadi Kivukoni huku begi la mwenzake likimkandamiza mbavu. Matokeo yake ni kwamba nafika Posta saa moja na robo, ofisi haijafunguliwa, na tumbo linadai haki yake. Ndiyo maana nimekuwa mteja wa mgahawa mmoja ulio mwendo mfupi kwa miguu kutoka Sanamu ya Askari, na ndiyo maana ninaandika tathmini hii, ambayo sehemu yake kubwa itahusu mayai ya kukaanga. Naomba msomaji anivumilie. Mengine yote ya mgahawa huo yanaelezeka kwa sentensi chache: meza ni safi, maji ya kunawa yapo na sabuni ipo, chai ya maziwa ina tangawizi ya kweli wala si harufu yake tu, chapati ni laini na zina matabaka, na risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, hutolewa bila kuombwa. Mayai ndiyo yaliyonitesa.

Mimi hupenda yai lililokaangwa zima, bila kuvurugwa, ute wake ukiwa umeganda wote na kiini kikiwa bado laini kiasi kwamba ukikigusa kwa kipande cha chapati kinatiririka. Wapo wanaoliita jicho la ng'ombe. Marehemu mama yangu alilikaanga hivyo kwenye flampeni ndogo nyeusi iliyokuwa na mpini uliolegea, na sikuwahi kufikiri kwamba ni jambo gumu kulieleza mpaka nilipoanza kumweleza mtu asiyekuwa mama yangu.

Siku ya kwanza niliagiza kwa ufupi: "Binti, naomba mayai mawili ya kukaanga, chapati mbili na chai ya maziwa." Akajibu, "Sawa baba," akabonyeza kishikwambi chake na kuondoka. Baada ya dakika kumi na tano yakaja mayai yaliyopigwa pamoja na kitunguu, nyanya, hoho na karoti iliyokwaruzwa, yakakaangwa yakawa duara moja nene, kitu ambacho watu wa pwani na Visiwani wangekiita kimanda. Kilikuwa kitamu, nami nilikila chote. Kusema haki, kosa lilikuwa langu kwa nusu nzima, kwa kuwa hapa Dar es Salaam mtu akisema mayai ya kukaanga bila maelezo mengine, wapishi wengi huelewa hivyohivyo.

Siku ya pili nilijipanga. Nilimwambia mhudumu yuleyule kwamba nataka mayai yasivurugwe, yasiwekwe kitunguu wala kitu kingine, na kiini kibaki kizima. Akaitikia "Sawa baba" ileile. Mayai yalikuja mazima kweli, viini havikupasuka, isipokuwa yalikuwa yamegeuzwa na kukaangwa pande zote mbili hadi kingo zikawa kahawia na kukakamaa kama soli ya kandambili. Nilipokata kiini, kilimeguka unga. Nilimwita nikamwonyesha, naye akatazama sahani, akanitazama mimi, kisha akasema kwa upole wa dhati, "Lakini baba, si kiini kizima hicho?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeomba kiini kizima nami nimeletewa kiini kizima.

Siku ya tatu nikaamua kutumia menyu. Mgahawa huo una menyu ndefu iliyoandikwa kwa Kiingereza, yenye picha, na kama ilivyo desturi ya menyu ndefu, nusu ya vilivyomo hujibiwa kwa "hiyo leo haipo." Kwenye ukurasa wa kifungua kinywa kuna mayai ya namna mbili yaliyoandikwa kwa majina ya Kimarekani: "sunny side up" na "over easy". Majina hayo yana maana yake huko yanakotoka. Nchini Marekani, mteja akiagiza mayai ya kukaanga, mhudumu humwuliza anayataka vipi, na kila jibu lina jina lake lililozoeleka: lisilogeuzwa kabisa, lililogeuzwa kidogo kiini kikabaki majimaji, lililogeuzwa kiini kikashika nusu, na lililogeuzwa likaiva lote. Nikamwuliza binti tofauti ya hayo mawili ya kwenye menyu. Alisita, akatabasamu, akasema, "Yote ni ya kukaanga, baba." Simlaumu hata kidogo. Aliyeyanakili majina hayo kwenye menyu hakumfundisha yeye wala mpishi, na mteja aliyekaa mbele yake ndiye anayebaki kufanya mtihani.

Basi nikaonyesha picha kwa kidole. "Hivi hivi, kama picha." Nilisubiri dakika thelathini na tano, na nilipokuwa nimeshamaliza chai na chapati zimepoa, yakaja mayai mawili ambayo chini yalikuwa yameungua na juu ute ulikuwa bado mbichi, ukitetemeka kila sahani ilipoguswa. Moja lilikuwa limepasuka kiini, likafunikwa kwa kipande cha nyanya. Sikuyala, lakini niliyalipia, na sehemu hiyo ndiyo iliyoniudhi kuliko nyingine zote, kwa kuwa meneja alinieleza kwamba chakula kikishatoka jikoni hakirudishwi. Kanuni hiyo haikuandikwa popote ukutani wala kwenye menyu.

Hapa naomba niseme jambo kuhusu neno "sawa." Mhudumu wetu wa Dar es Salaam ana adabu, na adabu hiyo humzuia kumwambia mteja, tena aliyemzidi umri, kwamba hajaelewa au kwamba jikoni hawawezi. Kwa hiyo anasema sawa. Mteja naye anaisikia sawa hiyo kama ahadi, kumbe ni maamkizi tu, haina tofauti kubwa na kuitikia marahaba. Ningefurahi zaidi kama binti yule angeniambia, "Baba, mpishi wetu hajui kukaanga hivyo," nami ningeagiza kuchemshiwa, au ningekula maharage nikaenda zangu kazini. Badala yake tulibaki tukiheshimiana huku mayai yakiharibika.

Linganisha na banda la chipsi la karibu na nyumbani kwangu, ambako vijana wawili hukaanga usiku kucha kwenye karai na flampeni iliyopinda. Pale lugha haina utata. Ukisema chipsi kavu, kila mtu anajua ni chipsi zisizo na yai, wala hakuna atakayedhani unazungumzia ukavu wa viazi. Ukisema zege, viazi vinaingia kwenye flampeni, mayai yanapigwa kwenye kikombe na kumwagwa juu, na baada ya muda sahani inafunikwa, flampeni inapinduliwa, na upande wa pili unaiva. Ni hivyohivyo kwa chai ya rangi, ambayo mgeni anaweza kuuliza ni rangi gani, lakini mwenyeji anajua ni chai isiyo na maziwa. Tena kwenye banda la chipsi unasimama mbele ya mpishi mwenyewe: yai linavunjwa ukiliona, na ukisema "lisikauke sana, mdogo wangu," maneno yanatoka kinywani mwako na kuingia sikioni mwake bila kupita kwa mtu wa tatu. Hata yule muuzaji wa mayai ya kuchemsha anayepita jioni na ndoo yake, akilimenya yai, akalipasua katikati na kulijaza kachumbari, hukuuliza mwenyewe kama pilipili iwe nyingi au kidogo.

Siku ya nne ndipo nilipogundua tatizo liko wapi. Nilifika mapema, mgahawa ukiwa mtupu, nikaketi meza iliyo karibu na dirisha la jikoni. Mhudumu alikuwa kijana mwingine, mchangamfu, nami nilimweleza yote: yasivurugwe, yasigeuzwe, ute uive, kiini kibaki laini. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akageuza kishikwambi ili nione, akaniambia, "Mzee, tazama mwenyewe." Palikuwa na kitufe kimoja tu kilichoandikwa mayai kaanga, pembeni yake alama ya kujumlisha na ya kutoa kwa ajili ya idadi. Hapakuwa na nafasi ya kuandika chochote. Maneno yangu yote ya siku tatu, pamoja na ile picha niliyoionyesha kwa kidole, yalikuwa yakifika jikoni kama karatasi ndogo yenye maneno mawili na tarakimu: MAYAI KAANGA 2. Lililozidi hapo lilitegemea kama mhudumu atakumbuka kulipigia kelele dirishani, na kama mpishi atalisikia katikati ya mngurumo wa jiko la gesi.

Kijana akaenda mwenyewe kuongea na mpishi, nami nikainuka nikachungulia. Nilichokiona kilinieleza yale mengine. Mpishi alikuwa na flampeni moja kubwa inayokaanga mayai ya kuvuruga tangu alfajiri, mafuta yakiwa mengi na moto mkali. Ute wa yai huanza kuganda kwenye joto la nyuzi 62 hadi 65 hivi za selsiasi, na kiini hushika kati ya 65 na 70, kwa hiyo nafasi ya kupata ute ulioganda na kiini laini ni finyu. Katika mafuta yaliyochemka sana upande wa chini hukauka na kukakamaa kabla joto halijafika juu, na mpishi akiona juu kubichi hana budi ama kuligeuza, kama siku ya pili, ama kulitoa hivyohivyo, kama siku ya tatu. Nilimwomba, kwa unyenyekevu wa mtu anayejua kwamba jikoni si kwake, apunguze moto, aondoe mafuta yaliyozidi, kisha adondoshe kijiko kimoja cha maji pembeni na kufunika kwa mfuniko, ili mvuke uivishe ute wa juu bila kugeuza. Mpishi, mama wa makamo aliyefunga kanga kiunoni, alinitazama kama anayetafakari mwanaume huyu katokea wapi, kisha akasema, "Haya, baba. Lakini yai bichi likikuumiza tumbo usije hapa."

Hoja yake si ya kupuuzwa. Yai lisiloiva vizuri linaweza kubeba bakteria wa salmonela, na wajawazito, watoto wadogo na wazee wanafanya vyema kula yai lililoiva lote. Nchini Uingereza mamlaka ya viwango vya chakula ilibadili ushauri wake mwaka 2017, ikaruhusu hata makundi hayo kula kiini laini, lakini ni kwa mayai yenye alama ya simba, yaani yanayotoka katika mpango ambao kuku wake huchanjwa. Mimi hununua mayai ya kienyeji sokoni na sijawahi kumwuliza muuzaji habari za chanjo, kwa hiyo hatari hiyo naibeba mwenyewe kwa hiari yangu na simlazimishi mtu.

Mayai yalikuja baada ya dakika nane. Ute ulikuwa mweupe wote, kingo laini, na nilipobonyeza kiini kwa ncha ya chapati kilifunguka polepole na kutandaa sahanini. Kilikuwa cha njano iliyopauka, kama viini vingi vya kuku wa kisasa, kwa kuwa rangi hutegemea chakula alicholishwa kuku, lakini ladha ilikuwepo. Juu ya sahani palikuwa na karatasi ya oda. Chini ya MAYAI KAANGA 2, mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: mzee wa kiini.

Kwa tathmini, ninaupa mgahawa huu nyota tatu kati ya tano. Ningeupa nne kama si yale mayai mabichi niliyoyalipia, na kama mwenye mali angemwita aliyemtengenezea programu ya oda akamwongezea sehemu ya kuandika maelezo, jambo ambalo sidhani lingechukua hata nusu siku. Anayekwenda pale asiagize mayai saa mbili hadi saa tatu, wakati watu wa maofisini wamejaa, na asitumie majina ya kwenye menyu. Aende mapema, aongee na mhudumu kijana, na akiweza akae karibu na dirisha.

Juzi nilirudi kwa mara ya tano. Sikuagiza mayai, nilitaka chai tu, kwa kuwa nilikuwa nimechelewa. Meza ya jirani aliketi kijana mwenye kitambulisho cha kazi shingoni, akaomba mayai mawili ya kukaanga. Yule binti wa siku ya kwanza akamwuliza, "Ya kuvuruga, au ya mzee wa kiini?"

Kijana akachagua ya kuvuruga.