Pateni ya Zamani au Gauni Kuukuu?
Anayetaka gauni jepesi la pamba kwa jua la Kampala ana njia mbili: kufuata pateni, yaani kielelezo cha karatasi cha kukatia kitambaa, ya miaka ya 1950, au kufumua gauni kuukuu lililopatikana katika soko la mitumba la Owino na kulichora upya. Pateni huonyesha mishono na upindo kwa usahihi, lakini namba zake hupotosha, kwa kuwa saizi 14 ya wakati ule ni ndogo kuliko ya leo. Hivyo ni lazima kupima kifua na kiuno kwa futi kamba, kisha kujaribu kwanza kwa marekani, kitambaa rahisi cha pamba kisichopaushwa. Gauni kuukuu mara nyingi huwa limevutika kwapani. Mimi huchagua pateni, ingawa karatasi yake huchanika kwa kuguswa tu, nami huinakili kabla ya kushika mkasi.