Insulini ya paka wangu: dawa naisifu, duka la dawa silitaki tena

Nimekaa na hasira hii nikidhani itapoa. Haijapoa, kwa hiyo naiandika. Ni kuhusu duka la dawa la mtaani kwetu hapa Dar, duka kubwa, lina kiyoyozi na friji la dawa, ambalo mpaka juzijuzi nilikuwa nalisifia kwa majirani.

Paka wangu Tajiri, dume mnene aliyehasiwa, alianza kumaliza maji bakulini na kulowesha mchanga wake mpaka ukawa tope. Anakula vizuri, na bado anakonda uti wa mgongo unaonekana. Kisha miguu ya nyuma ikalegea, akawa anatembea kwa kukanyagia visigino. Daktari wa mifugo akampima, sukari ikasoma zaidi ya 20. Hakuishia hapo, maana paka akiwa na hofu tu sukari hupanda, akapima na mkojo, nao ukakutwa na sukari: ni kisukari. Akaniandikia glajini, insulini ileile ya binadamu: uniti 1 saa 12 asubuhi, uniti 1 saa 12 jioni, akishakula. Chini yake akaandika bomba la sindano la U-100, la mililita 0.3, akalipigia mstari.

Nikaenda dukani. Kijana wa kaunta hata shikamoo hakuna. Akasoma karatasi, akaangua kicheko, akamwita mwenzake: "Njoo uone, paka anachomwa insulini!" Foleni nzima ikageuka kuniangalia. Halafu akanigeukia, "Mama, paka wamejaa jalalani, si uchukue mwingine? Watu wanaikosa hii dawa, wewe unampa paka."

Nilinyamaza. Nina ndugu anayeishi kwa insulini, najua watu wanavyohangaika kuipata, hilo silibishii. Lakini dawa ilikuwepo, cheti cha daktari nilikuwa nacho, na pesa nilikuwa nimeishika mkononi. Ningemeza kicheko chake nikaenda zangu. Mabomba ndiyo nashindwa kuyameza.

Alinipa mabomba yenye vifuniko vyekundu. Nikasoma: U-40. Nikamwambia, mwanangu, daktari kaandika U-100. Akajibu bila hata kuniangalia, "Sindano ni sindano tu mama, uniti moja ni uniti moja." Nikaomba anibadilishie, akasema bidhaa ikishalipiwa hairudi. Hivyohivyo, mbele ya watu.

Nilitoka nje nikampigia daktari. Alishtuka mpaka nikamsikia anavuta pumzi. Akanieleza: insulini yangu ina uniti 100 kwa mililita, na mistari ya bomba lile imechorwa kwa insulini ya uniti 40 kwa mililita. Ningevuta mpaka mstari wa 1 kama nilivyoelekezwa, Tajiri angepata uniti mbili na nusu. Paka aliyepangiwa uniti 1! Sukari ingeporomoka, angepepesuka, angekakamaa kwa degedege, na usiku ule ningeweza kumzika. Na mimi ningebaki nasema ni insulini iliyomuua, ningewaambia na wenzangu wasithubutu kuwachoma paka wao.

Nikarudi ndani, nikaomba kuonana na mfamasia mwenyewe. Hapa lazima niseme ukweli. Akatoka mama mmoja mtu mzima, akatazama mabomba, akatazama cheti, uso ukabadilika. "Samahani sana, dada yangu." Akaingia stoo mwenyewe akaniletea ya U-100 yenye vifuniko vya rangi ya chungwa, yenye mistari hadi ya nusu uniti, akaifunga dawa pamoja na barafu ili isipate joto njiani. Huyo mama nampa haki yake yote. Kwa ajili yake nilikuwa tayari kusema nendeni tu, ila mwulizieni yeye.

Na matibabu yenyewe, jamani, nashukuru Mungu. Nilivyodhani ni vita, sivyo kabisa. Tajiri akiinamia bakuli, navuta ngozi ya ubavuni, nachoma, wala hageuki, sindano ni nyembamba mno. Dawa nimeiweka rafu ya katikati ya friji, mbali na sehemu ya kugandisha. Asali iko mezani muda wote. Akianza kuyumba nimpake kwenye fizi kisha nimkimbize kwa daktari. Asipokula, sichomi, napiga simu kwanza. Ugali na dagaa tumeacha kidogokidogo chini ya uangalizi wa daktari, ugali umeondoka kabisa, kwa kuwa paka ni mla nyama na wanga unapandisha sukari yake. Wiki zimepita, maji hayaishi tena bakulini, na juzi karukia dirishani mwenyewe. Nililia. Daktari anasema wapo paka wanaoanzishiwa mapema ambao baadaye huacha kabisa sindano. Naomba wangu awe mmojawapo.

Lakini kila nikimwona anaruka hivyo, hasira inarudi. Mwenye daktari asiyepokea simu jioni angefanyaje? Asiyejua kusoma yale maandishi madogo ya kwenye bomba? Niliporudi kununua mengine, yule kijana yuko palepale, mfamasia hayupo, naambiwa kijana huyo ni mgeni wa kazi. Mgeni wa kazi auze sabuni na dawa ya meno! Insulini anaiuzaje? Bomba lile lile angeweza kumpa mtoto wa mtu.

Kwa hiyo nafuta nilichosema hapo juu. Msiende. Mimi dawa inayofuata naifuata Kariakoo, na foleni yake, na jua lake.