Kutua Mun na kurudi salama: uzoefu wangu na Kerbal Space Program

Kerbal Space Program, gemu la kuunda na kurusha roketi la kampuni ya Squad ya Mexico, lililofikia toleo la 1.0 mwaka 2015, linakudai hesabu kabla hujawasha injini. Nalipenda kwa sababu hiyo hiyo, na utamu wake wote nimeukuta kwenye safari ya Mun, mwezi mkubwa wa Kerbin, sayari ya kubuni unakoanzia. Hasa safari ya kurudi.

Kurudi ndiko kunakoamua umbo la roketi. Kutoka ardhini hadi obiti (njia ya kuzunguka) ya chini ya Kerbin unahitaji uwezo wa kubadili kasi kwa kama mita 3,400 kwa sekunde. Kuelekea Mun ni 860 hivi, kuingia obiti yake kama 300, kutua 580. Halafu 580 nyingine za kupaa na 300 za kuondoka. Mafuta ya kurudia unayabeba tangu chini, nayo yanataka mafuta mengine ya kuyabeba. Ndiyo maana huwa naanza kujenga kutoka kileleni: chumba cha rubani, parashuti na ngao ya joto, kisha sehemu ya kutulia yenye injini ya Terrier, ambayo nguvu yake ni ndogo lakini haili mafuta ovyo pasipo na hewa. Roketi kubwa ya chini naiweka mwisho kabisa.

Mun haina hewa, kwa hiyo breki ni injini peke yake. Kipimo cha kasi kiweke kisome mwendo wako dhidi ya ardhi, si obiti, kisha ufuate alama ya kinyume cha mwendo kwenye mpira wa mwelekeo, kile kifaa kinachoonyesha chombo kimeelekea wapi. Kasi ya pembeni inavyopungua, alama hiyo hupanda polepole ndani ya rangi ya buluu, yaani upande wa anga. Ikitulia katikati, unashuka wima. Hapo jicho langu huwa kwenye kivuli cha chombo, kinachokaribia miguu kadiri ardhi inavyosogea. Mita za mwisho nashuka chini ya mita 5 kwa sekunde. Chombo kirefu kwenye mteremko wa kreta hupinduka, basi kijenge kifupi na kipana.

Kupaa ni kwepesi, maana mvutano wa Mun ni kama sehemu moja ya sita ya ule wa Kerbin. Uzuri uko kwenye kuondoka. Mun inaizunguka Kerbin kwa takriban mita 540 kwa sekunde. Ukitoka kuelekea kinyume cha mwendo wake, unaipunguza kasi hiyo na chombo kinaangukia Kerbin. Nailenga njia ipite kwenye kimo cha kilomita 30 hadi 35, ndani ya hewa inayoanzia kilomita 70. Ukipita juu mno, hewa haikukamati. Ukishuka wima mno, parashuti hazipati muda wa kufunguka.

Wakali wa fizikia watasema gemu linahesabu mvutano wa gimba moja tu kwa wakati mmoja. Ni kweli, lakini mwanafunzi wa sekondari atazielewa hapa sheria za Newton kuliko ubaoni, na natamani sana lingekuwa na Kiswahili. Ukishaizoea Mun, jaribu Minmus, mwezi mdogo wa Kerbin: iko mbali zaidi na obiti yake imeinama nyuzi 6, ila mvutano wake ni hafifu na ina nyanda tambarare kabisa za kutulia.