Urefu Uleule, Filamu Nyingine: Batman v Superman Mikononi mwa Shabiki

Nimetazama toleo la Batman v Superman lililohaririwa upya na shabiki mmoja. Nianze na barua pepe ya Diana, yaani Wonder Woman, maana hapo ndipo nilipojua kuwa aliyehariri toleo hili anaijua kazi.

Wanaoikumbuka Batman v Superman: Dawn of Justice ya mwaka 2016 hawajalisahau onyesho hilo. Lex Luthor ameshamteka mama yake Superman. Masharti ni mepesi kuelewa: Batman afe, la sivyo mama anakufa, na saa inakwenda. Batman naye yuko Gotham, kavaa chuma, anasubiri. Filamu nzima imekuwa ikitupeleka kwenye ngumi hii. Halafu, mtazamaji akiwa roho juu, tunaketishwa na Diana mbele ya kompyuta. Anafungua barua pepe, anabofya faili moja baada ya jingine, kila moja la shujaa mwingine: huyu hapa Flash dukani, huyu Aquaman chini ya maji, huyu Cyborg maabara kwa baba yake. Ni matangazo ya filamu zijazo, yamepachikwa pale pale ambapo hakuna mtu aliyeyahitaji.

Mashabiki wengine wakiikata filamu hii hulifuta onyesho hilo, basi. Huyu hakulifuta. Amelipeleka mwisho kabisa, baada ya orodha ya majina. Kule makaburini Bruce, ndiye Batman mwenyewe, ameshamwomba Diana amsaidie kuwatafuta wengine wenye uwezo kama wake, kwa hiyo sasa anapofungua yale mafaili tunajua anatafuta nini. Picha zilezile, sekunde zilezile, na kilichokuwa kero kimekuwa kitu unachokisubiri. Kuna doa: ujumbe wa Bruce unamuuliza Diana yeye ni nani, swali la ajabu kwa watu waliokwisha kupigana bega kwa bega. Mhariri ameivuta picha karibu ili maneno hayo yasisomeke, na picha ikapoteza ukali kidogo. Nimemsamehe.

Toleo hili limetengenezwa kutoka lile refu la kwenye diski, Ultimate Edition, lenye dakika 182. Lililoonyeshwa sinema lilikuwa na dakika 151. La shabiki huyu linakaribia saa mbili na nusu, yaani urefu wake na lile la sinema ni kama sawa. Ila dakika zake si zile. Studio ilipewa kitambaa na shabiki amepewa kitambaa hichohicho, na suti zilizotoka hazifanani hata kidogo.

Mimi nahariri video kwa riziki, na neno ninalolisikia kwa wateja kuliko yote ni "ifupishe, inachosha." Nikiikagua kazi yenyewe, mara nyingi urefu hauna kosa. Kinachochosha ni mtu kutazama kitu asichojua anakitazamia nini. Batman v Superman ni ushahidi mzuri. Lile la dakika 151 linajikokota, na lile la dakika 182 linakwenda. Nusu saa imeongezwa na filamu imekuwa nyepesi. Anayebisha ayatazame yote mawili, kisha tuzungumze.

Sababu iko Nairomi, ile nchi ya kubuni ya Afrika ambako mwandishi wa habari Lois Lane anakwenda kumhoji jenerali wa waasi. Katika toleo la sinema, mamluki wanafyatua risasi, Superman anashuka kumwokoa Lois, na baadaye tunakuta Bunge la Marekani likimlaumu Superman kwa maiti zilizobaki pale. Hapo unabaki unajiuliza: watu wamekufa kwa risasi, na Superman tangu lini akabeba bunduki? Swali hilo halijibiwi, na kila kikao cha seneti kinachofuata kinakuwa kelele tupu. Toleo refu linaonyesha mamluki wakizichoma maiti ili ionekane ni moto wa macho ya Superman. Linamwonyesha pia Kahina Ziri, yule mwanamke aliyetoa ushahidi, akikiri kuwa alipangiwa maneno, kisha akiuawa. Na Lois anagundua kuwa kiti cha magurudumu cha Wallace Keefe, aliyefika kwenye kikao cha seneti, kilizungushiwa madini ya risasi, ambayo macho ya Superman hayapenyi, ndiyo maana hakuliona bomu lililokuwamo. Studio iliyatupa haya yote ili filamu iwe fupi. Ikatupa sababu, ikabaki na matokeo.

Shabiki wetu ameyarudisha karibu yote. Upelelezi wa Lois sasa ni uti wa mgongo wa saa ya kwanza. Kila anapogundua kitu, onyesho linalofuata ni la mtu ambaye ugunduzi huo unamhusu. Katika matoleo rasmi yote mawili, Lois anatokea, anapotea kwa muda mrefu, halafu anaibuka tena ukiwa umeshasahau alikuwa anatafuta nini. Hapa nilikuwa nataka kujua anakwenda wapi kesho. Sikutegemea kusema hivyo kuhusu sehemu ya filamu hii isiyo na ngumi.

Sasa, kama ameongeza upelelezi, nafasi ameipata wapi? Kwanza kwenye ile ndoto ya jangwani. Bruce anasinzia mbele ya kompyuta inayofungua siri za Luthor, anaota dunia iliyoharibika, askari wenye nembo ya Superman mkononi, wadudu wenye mbawa, kisha Flash anatokea kwenye mwanga akipiga kelele za onyo. Yote yameondoka. Kompyuta inaanza kufungua faili, tunarukia kwa Lois, tukirudi faili limefunguka. Picha za ndoto ile ni nzuri, hata mimi nazipenda, lakini hadithi haikuyumba hata kidogo bila hizo.

Mauaji ya wazazi wa Bruce mwanzoni ameyaacha, na hapo nampa heko. Hiyo ni sehemu inayowatega wahariri wengi: ni taratibu, tumeshayaona mauaji hayo katika filamu chungu nzima, na ukiyakata unaanza moja kwa moja na Bruce akiendesha gari kwa kasi huku majengo ya Metropolis yakianguka. Mwanzo wa moto kweli. Lakini Thomas Wayne akikata roho analitamka jina la mkewe, Martha, na saa mbili baadaye jina hilo, ambalo ni la mama yake Superman pia, ndilo linalouzuia mkuki wa Batman. Onyesho hilo la mkuki watu hulicheka hata likiwa na msingi wake, sembuse bila huo msingi. Yeye amekata tu pale mtoto anapobebwa na popo kwenda juu, na kwangu hiyo ni hasara ninayoweza kuibeba.

Kazi hii ya mashabiki ilipata umaarufu mwaka 2001 kwa toleo lililopunguzwa la Star Wars: Episode I, lililozunguka kwa kanda za video na kumbania sana Jar Jar Binks, yule mhusika wa vichekesho. Ilikuwa kazi nzuri, ila iliacha mazoea mabaya: wengi wanaamini kuhariri ni kumfuta mtu au utani unaowakera. Filamu za mashujaa zimeumia zaidi na mazoea hayo kwa sababu zimejaa vitu vya kukera. Nimeona matoleo ya Zack Snyder's Justice League, ile ya mwaka 2021 yenye dakika 242, ambapo mhariri ameamua adui ni mwendo wa polepole, basi kila picha ya polepole ameiharakisha iwe ya kawaida. Inaonekana vibaya. Picha za namna hiyo hupigwa fremu nyingi kwa sekunde, kila fremu ikiona mwanga kwa muda mfupi mno, kwa hiyo hazina ule ukungu mwembamba ambao macho yetu huutegemea mtu anapokimbia. Ukiziharakisha, shujaa anatembea kama anayekatikakatika. Dakika zimepungua, kichwa kinauma.

Turudi kwa huyu. Ukitaka kupima uhariri wa shabiki, funga macho usikilize. Picha kila mtu anaweza kuikata, sauti ndiyo inayoumbua. Diski huwa na njia sita za sauti au zaidi, na maneno ya waigizaji kwa kawaida hukaa njia ya kati, kwa hiyo mhariri anaweza kuyatoa maneno na kuyawekea muziki mwingine. Lakini njia hiyo ya kati haibebi maneno tu. Inabeba pia vishindo, upepo, nyayo, na wakati mwingine muziki wenyewe umevujia humo. Na muziki wa Hans Zimmer na Junkie XL haukutungwa vipande vipande. Wimbo unaanza kwenye onyesho moja na kumalizikia kwenye la tatu, na ukiliondoa lile la katikati, ngoma inaruka. Huyu bwana, au bibi, sijui, ametumia ujanja wa wakongwe: sauti ya onyesho linalokuja inatangulia kusikika kabla picha haijabadilika, ikifunika mahali muziki ulipokatwa. Kwa spika za televisheni hutagundua lolote. Kwa vipokea sauti vya masikioni niliwahi kumnasa: pale pambano linapokaribia, mvua inakatika ghafla kisha inarudi ikiwa mvua nyingine, nzito zaidi.

Hilo ni dogo. Kosa kubwa liko kwenye kikao cha seneti, na hapo tumekosana kabisa.

Katika filamu, Seneta Finch anaanza hotuba yake mbele ya Superman. Anasita. Macho yake yanashuka mezani, pana mtungi wa kioo wenye maandishi ya chai ya pichi, maneno aliyomwambia Luthor mwenyewe siku alipomkatalia. Anatazama kiti cha Luthor, ni kitupu. Anajaribu kuendelea, maneno hayatoki. Hakuna anayekimbia, hakuna anayepiga kelele. Yeye peke yake ndiye ameelewa, pamoja na sisi tunaomtazama, na Superman amesimama pale na nguvu zake zote asijue kitu. Kisha moto. Kwangu ndilo onyesho bora la filamu nzima, na ubora wake wote umo katika kuchelewa. Shabiki wetu amelinyoa. Kusita kwa Finch kumekuwa kwa mara moja badala ya kurudiarudia, kiti kitupu tunakiona harakaharaka, na bomu linalipuka wakati mtazamaji bado anausoma mtungi. Amepata sekunde kadhaa, akapoteza hofu yote. Tena katika toleo ambalo limejenga kwa uvumilivu habari za kile kiti cha magurudumu! Nilitaka kumpigia simu.

Nadhani alifika pale akiwa na mkono mwepesi. Ukishakata kwa saa nzima na kila mkato unalipa, mkono unaendelea kukata hata penye nyama.

Pambano la mwisho na Doomsday, lile dude aliloliumba Luthor, ni nusu kwa nusu. Shida ya mapambano ya namna hii ni kwamba mtu anarushwa ukutani, anainuka, anarushwa ukuta mwingine, na hakuna aliyeamua jambo jipya. Mhariri ameliona hilo, akaondoa mizunguko kadhaa ya kurushana, na sikuitamani hata mmoja. Lakini ameondoa pia zile picha za mbali zilizokuwa zinatuonyesha nani yuko wapi, kwa hiyo Lois anapopiga mbizi kuufuata mkuki nilishindwa kuelewa maji hayo yako upande gani wa vita. Na Diana anapotua mbele ya Batman na ngao yake, ile selo ya umeme, ala ya nyuzi inayopiga wimbo wake, inalia mapema mno. Katika filamu, Batman anapata muda wa kuona kwamba amekwisha. Hapa anaokolewa kabla hajaogopa.

Kifo cha Superman na mazishi hakuvigusa, ila Luthor gerezani amefupishwa, na ni afadhali.

Kwa hiyo, nani aitazame? Anayeijua filamu na aliyekata tamaa nayo, aitazame leo. Saa ya kwanza peke yake inatosha kumbadilisha mawazo kuhusu Lois Lane. Ambaye hajawahi kuiona kabisa, aanze na dakika 182 za diski, kwa sababu toleo la shabiki lina sehemu mbili tatu zinazoeleweka tu kwa anayejua kilichoondolewa. Diski halisi uwe nayo kwa vyovyote: mila ya waandaaji hawa ni kwamba kazi zao haziuzwi na mtazamaji amiliki ile ya asili, na akitokea wa kukuuzia, jua amemwibia studio na amemwibia pia mhariri. Tumia spika za kawaida, usitumie za masikioni, mvua isije ikakukera.

Kama mhariri ana mpango wa kutoa toleo la pili, namwomba mambo mawili tu. Arudishe picha mbili tatu za mbali za bandari kabla Lois hajaruka majini. Na Seneta Finch amwachie sekunde zake zote.