Dobi anafua vizuri, lakini nafthalini kwenye mashuka ya mtoto siisamehi

Kufua wanajua. Naanza na hilo kwa sababu ni haki yao, na kwa sababu nilikuwa tayari nimeshaanza kuwasifia kwa kila mama ninayemjua hapa kisiwani. Sasa hata sifa yenyewe inanitoka kwa uchungu, lakini nitaisema.

Mwenye mtoto mchanga Mombasa wakati wa masika anaijua shida hii. Mtoto anacheua, nepi inavuja usiku, jasho la kichwa linachora duara kwenye shuka, asubuhi kila kitu kimelowa. Unafua, unaanika. Mvua inakuja, unaanua mbio, unaanika tena ndani kwenye kamba ya koridoni, na kesho yake shuka bado bichi na limeshaanza uvundo. Kaskazi ikivuma hakuna neno, shuka linakauka kabla hujamaliza kuanika la pili. Masika ni vita. Na hapo sijataja maji. Mfereji ukikauka tunabaki na kisima, na maji ya kisima chetu yana chumvi. Sabuni haitoi povu, nguo ikikauka inakuwa ngumu, inakwaruza. Shingo ya mwanangu ilikuwa nyekundu kwa sababu ya mashuka hayo. Maji matamu ya mkokoteni tunanunua kwa mtungi wa lita 20, na ukitaka kusuuza mpaka sabuni iishe yote, mitungi inakwisha kabla ya nguo.

Ndipo nikaenda kwa dobi huyu mwenye mashine. Maji yake matamu, mashine ya kukausha ipo, na ukiwaomba wanafua kwa maji ya moto ya nyuzi 60, joto linaloua wale wadudu wa vumbi wasioonekana kwa macho, wanaopenda magodoro na hewa ya unyevu kama yetu. Mara ya kwanza mashuka yalirudi laini, makavu mpaka kwenye lastiki, na lile doa la maziwa lililonishinda limetoka lote. Nilifurahi mpaka machozi yakanilengalenga. Kwa mama asiyelala usiku, shuka kavu wakati wa mvua ni neema kubwa, na sitaki mtu anibishie.

Sasa sikilizeni. Mwanangu alipozaliwa aligeuka manjano, macho na ngozi, akalazwa chini ya taa ya buluu. Damu ilipopimwa tukaambiwa ana upungufu wa G6PD. Hiki ni kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Asiye nacho cha kutosha, chembe zake hupasuka zikikutana na vitu fulani. Huku kwetu si jambo la ajabu. Hurithiwa, huonekana zaidi kwa watoto wa kiume, na imeenea sehemu zilizoishi na malaria vizazi na vizazi, Pwani yetu ikiwemo. Mtoto mwenye hali hii hukua na kucheza na wenzake vizuri tu, ila ana vitu vyake vya kuepushwa. Kuna dawa, kama primakwini ya malaria, na kuna nafthalini.

Nafthalini ni vile vidonge vyeupe vya kabatini, vya kufukuzia nondo na mende. Ukiviacha havilowi wala haviwi maji. Vinakwisha polepole kwa kugeuka mvuke, na mvuke huo unaingia kwenye uzi wa nguo. Mtoto akilazwa juu ya nguo hiyo anauvuta puani, na unapenya hata kwenye ngozi. Wako watoto wachanga ambao damu yao ilivunjika, manjano ikapanda mpaka ikaumiza ubongo, kwa sababu tu ya nguo na mablanketi yaliyokuwa yamewekwa pamoja na vidonge hivi. Daktari hakutueleza haya ili kututisha. Alitueleza tujue, nasi tukajua.

Kwa hiyo tangu siku ya kwanza nilimwambia bibi wa kaunta: dada, mashuka haya ni ya mtoto, msitie manukato, msitie dawa ya kulainisha, na nafthalini isiyakaribie. Akaitikia, akaandika kwenye risiti. Ninayo mpaka leo. Imeandikwa MTOTO, BILA NAFTHALINI, kwa mkono wake mwenyewe.

Majuzi mvua ilituzuia, mzigo ukakaa kwao kidogo zaidi ya kawaida. Nilipoufikisha nyumbani na kufungua mfuko, harufu ikanipanda puani kabla sijagusa kitu. Nikakunjua shuka la juu. Katikati ya mkunjo, kidonge. Kizima! Cheupe, cha mviringo kama peremende, kimelala kwenye shuka la mtoto anayetia kila kitu mdomoni.

Nilimwachia mamangu mtoto nikarudi na mfuko wangu. Nikamwonyesha bibi yule kidonge. Nikamwonyesha risiti. Mnajua alifanya nini? Alilichukua shuka akalinusa, akasema, "Mbona linanukia? Huu ndio usafi, mama." Nikamwambia, dada, tulikubaliana na wewe ukaandika. Akanijibu, "Hiyo dawa tumekutilia bure, wengine tunawatoza." Nikamweleza habari ya damu ya mwanangu, kwa upole, wallahi kwa upole, maana palikuwa na wateja wengine na mmoja ni mzee wa mtaani kwetu ninayemheshimu. Hakuningoja nimalize. "Kwani wewe ndio wa kwanza kuzaa Mombasa hii? Sisi sote tumelelewa na nafthalini."

Na watu wakacheka.

Neno hilo sijalimeza mpaka sasa. Mashine ikiharibika nitasema ni chuma. Kidonge kikitumbukia nitasema ni bahati mbaya. Lakini kumchekesha mtu kwa ugonjwa wa mwanangu, huku karatasi aliyoiandika mwenyewe iko mbele yake! Hakusema samahani. Hakuuliza mtoto ameyalalia au hajayalalia. Alichojali ni kwamba nilikuwa naziba foleni.

Sote tumelelewa nayo, sawa. Mamangu naye aliitia kabatini, na leso zake za zamani zina harufu ile mpaka leo. Wengi wetu hatukudhurika kwa sababu damu zetu hazina upungufu huu. Waliodhurika je, nani aliwapima? Mtoto aligeuka manjano, mkojo ukawa wa rangi ya kahawia, watu wakasema ni jicho, akafukizwa, akasomewa. Hakuna aliyeuliza nguo zake zilitoka kabati gani. Leo kipimo kipo, na bado mtu anakwambia sote tumelelewa nayo.

Mwanangu hakuyalalia mashuka hayo, alhamdulillahi, na ni mzima. Lakini mimi ndiye niliyebaki na kazi. Harufu ile haitoki kwa kufua tu, inataka na upepo na jua, tena jua lenyewe la masika ni la kuvizia. Nikiona wingu limefunguka nayapandisha juu kwenye paa, nikisikia tone nayashusha. Yamefuliwa upya, yameanikwa, na nikiweka pua kwenye lastiki bado nanusa kitu. Kwa sasa mtoto analalia leso ya pamba, nimeikaza pande zote chini ya godoro isimfunike uso. Kitandani hamna kingine, hakuna mto wala blanketi zito, kama tulivyofundishwa kliniki, na juu ni chandarua. Leso hizo nazifua usiku kwa maji ya mtungi. Yaani nimelipa dobi ili nirudi kufua mwenyewe.

Nikitulia najiambia labda tatizo ni yule bibi peke yake. Kijana wao wa mashine ni mtu wa adabu. Alinifuata nje akaniomba radhi, akanieleza kuwa vidonge huwekwa kwenye rafu za nyuma kwa ajili ya mende, na mzigo ukikaa hutupiwa chake. Aliniambia nikija tena nimtafute yeye, atauweka mzigo wangu mbele. Nikaona basi, si watu wabaya, wanafua vizuri, kwa mapazia na mashuka ya wakubwa ningewapa alama zote. Nilikaribia kabisa kuandika hivyo hapa.

Kisha nikalifikiria lile neno lake. Mzigo ukikaa hutupiwa chake. Kila mzigo! Wangapi wamepeleka pale mablanketi ya watoto wao na hawakujua cha kuomba, kwa sababu watoto hao hawajapimwa? Mimi ninajua kwa kuwa mwanangu alipimwa. Mama aliyejifungua wiki hii na kurudi nyumbani na mtoto wake atajulia wapi? Ataifungua nguo, ataona inanukia, atamfunika mwanawe kwa furaha. Hapana. Kufua vizuri hakutoshi. Anayepokea nguo za mtoto mchanga amepokea dhamana, apende asipende.

Mwenye duka, pesa zangu sizitaki. Ninataka vidonge vitoke kwenye rafu zote, si ile tu itakayokaa mzigo wangu. Mende zibeni mianya, safisheni huko nyuma, wekeni mizigo kwenye masanduku yenye vifuniko. Na bibi yule aniombe radhi mbele ya wateja, kama alivyonidhalilisha mbele yao. Mkifanya hayo nitafikiria kurudi masika yajayo. Na nikirudi, kila shuka nitalikunjua hapo hapo kwenye kaunta kabla sijatoa shilingi, foleni ikae ingoje.