Oksimita niliyouziwa na mpandisha watalii: nyota nne, ya tano imeliwa na mfuniko wa betri

Kidude chenyewe, cha kupima oksijeni kwenye damu, kinabana kidole kama kibanio cha nguo kilichonenepa. Sikukinunua dukani. Julai 2021 jirani yangu hapa Pasua, Moshi, kazi yake kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro, alikuwa ameshamaliza zaidi ya mwaka bila safari ya maana, akaniuzia kwa shilingi 40,000. Wenzetu wa mlimani walikuwa na oksimita kabla hata corona haijasikika, maana jioni kambini huwapima wageni wajue nani wa kuendelea na nani wa kushushwa.

Mimi ni fundi simu, na kitu sikilipii kabla sijakijaribu. Ndani mna taa mbili, moja nyekundu na nyingine ambayo jicho haliioni. Hiyo ya pili niliitafuta kwa kamera ya mbele ya simu, vilevile tunavyopima rimoti ya TV kama inapiga: ukaonekana mwanga wa zambarau pembeni ya ule mwekundu. Damu yenye oksijeni na damu iliyopungukiwa hazimezi mianga hiyo kwa kiasi kimoja, na kila mshipa ukidunda kidude kinapiga hesabu ya tofauti. Aliyebuni mbinu hiyo ni injinia wa Japani, Takuo Aoyagi, miaka ya 1970. Alifariki Aprili 2020, wakati huohuo dunia nzima ikikigombania kifaa chake.

Jaribio la pili, nikakibanisha kwenye kalamu. Kikaonyesha vistari tu. Hapo ndipo nilipotoa hela. Nimeshaletewa kibandani kidude cha mtu mwingine ambacho kalamu ile ile kiliipa oksijeni asilimia 98. Kalamu ina afya kuliko mimi!

Siku tatu baadaye mke wangu akapata homa, na mwili ukamuuma kama mtu aliyelima heka. Akapimwa, akakutwa na corona. Kwa kuwa alikuwa anapumua vizuri tulirudishwa nyumbani na maelekezo: chumba chake peke yake, madirisha wazi, barakoa, panadol kwa homa, maji mengi, na akianza kubanwa na kifua turudi mbio. Majirani walituletea azithromycin. Niliwashukuru nikaiweka kabatini, kwa sababu hiyo ni dawa ya bakteria na daktari hakuiandika.

Tatizo la kwanza la kidude lilikuwa piko. Mke wangu alikuwa ametoka harusini, kucha zote nyeusi tii. Kila kidole nilichobana, vistari. Nilitaka kumpigia jirani anirudishie hela yangu. Halafu nikajaribu kidole gumba cha mguu, ambako mpambaji hakufika, kikasoma 96. Kwa hiyo siku zile mimi nilikuwa mtu wa kupiga magoti miguuni pa mke wangu asubuhi na jioni, na hilo hadi leo anawasimulia mashoga zake.

Tatizo la pili ni baridi. Julai ya Moshi mnaijua, mawingu yameukaa mlima wiki nzima. Kidole cha baridi kinasoma chini au hakisomi kabisa. Mwache mgonjwa apumzike dakika tano, usugue kidole mpaka kipate joto, ubane, kisha usubiri namba itulie kama dakika moja. Namba ya kwanza inayoruka kwenye kioo usiiandike. Mimi nilikuwa naandika kwenye daftari la wateja: tarehe, saa, oksijeni, mapigo.

La tatu limetokea saa nane usiku. Mama mkwe alikuwa ameshuka kutoka Uru kuja kumuuguza mwanawe. Kioo kinaonyesha namba mbili, juu oksijeni, chini mapigo ya moyo, na ukikigeuza na zenyewe zinajigeuza. Nikashtushwa na ukelele: "Baba Zuhura, amka! Mwenzio ana themanini na nne!" Nilifika nimevaa kiatu kimoja. Themanini na nne yalikuwa mapigo. Oksijeni ilikuwa 96. Tangu siku hiyo nimebandika kipande cha plasta chini ya kioo, nimeandika kwa peni: MOYO.

Mama alikuja na nyungu yake pia: mikaratusi, mchaichai, majani ya mlimau. Nilimwomba ruhusa nipime kabla na baada. Kabla 95, baada 95. Pua ilizibuka, hilo sikatai, na mgonjwa alisema amepata nafuu. Ila oksijeni haikupanda hata alama moja, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi, mtoto akipita karibu, mimi roho haitulii. Mtori wake ndio nilioupigia makofi, maana siku zile hamna kingine alichokubali kumeza.

Siku ya sita asubuhi, 94. Jioni 92. Na mgonjwa mwenyewe? Yuko kitandani anaomba kisu amenye ndizi kwa kuwa "mnachelewesha chakula". Hahemi, halalamiki. Nikajua kidude kimekufa. Nikajibana mwenyewe, 97. Nikambana mama, 96. Nikarudi kwake: 92, 91, 92.

Nikampigia jirani aliyeniuzia. Akacheka. "Kaka, 92 hiyo mbona nzuri? Sisi kule juu tunaona themanini na kitu na mtu anatembea." Kauli hiyo ilikaribia kuniponza, kwa sababu haikuwa uongo. Kambi za mwisho za mlimani ziko juu ya mita 4,600 na kule hewa ni nyepesi kwa kila mtu, mzima na mgonjwa. Sisi Moshi mjini hatufiki hata mita 1,000. Huku bondeni mtu mzima wa afya anasoma 95 kwenda juu. Na corona ina tabia ya kushusha oksijeni pole pole bila mwenyewe kuhisi, mara nyingi baada ya siku ya tano hivi, wakati homa imepoa na nyumba nzima imeshaanza kushangilia.

Nikasimamisha bajaji. Hospitali walipopima kwa mashine yao, 90. Yaani changu kilikuwa kinampendelea kidogo. Baadaye nilisoma utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020: kwa wagonjwa weusi, oksimita ilificha upungufu karibu mara tatu zaidi ya ilivyofanya kwa weupe. Ngozi inaingilia mwanga. Kwa hiyo sisi namba zetu tuzisome kwa tahadhari. Nyumbani kwangu 94 ikijirudia ni simu kwa daktari, haisubiri kufika 92.

Alikaa na oksijeni siku nne, muda mwingi kalazwa kifudifudi, na huko ndiko alikopewa deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe wa ndani ya mwili. Mtaani watu walikuwa wanaimeza tangu siku ya kwanza ya mafua, wakati faida yake imeonekana kwa wale waliokwishahitaji oksijeni. Akarudi nyumbani, akamenya ndizi zake.

Sasa ile nyota ya tano. Mfuniko wa betri ni takataka. Ndimi zake mbili zilikatika wiki ya kwanza, nimefunga raba ya noti. Kinatumia betri mbili ndogo kama za rimoti, na kitufe kimejitokeza mno, ukikitia mfukoni kinajiwasha chenyewe. Kwenye bajaji ile, pale nilipokihitaji kuliko siku zote, kioo kilikuwa cheusi. Ukinunua chako, toa betri ukimaliza kupima, na nyingine za akiba zikae pamoja nacho.

Wageni wamerudi mlimani na jirani ana safari tena. Juzi amenijia kibandani, anataka kukinunua kwa bei ile ile. Nimemwambia nitamtafutia kingine, tena nitamjaribia kwa kalamu bure.